Nyuzinyuzi si makapi

Katika soko la Kibuye, Kisumu, si ajabu kumsikia mteja akisema, “Huu una makapi, mama, nipe wa gredi.” Neno hilo makapi ndilo linalonikera. Makapi ni masalio ya kutupwa, kwa hivyo anayeliita hivyo ganda la mahindi au la mtama amekwisha kulihukumu kabla ya kulionja. Wataalamu wa lishe wanasema nyuzinyuzi, na mimi nawaunga mkono, ingawa istilahi yao nayo ina kasoro kidogo: ule utelezi wa mrenda, apoth kwa Kiluo, pia ni nyuzinyuzi, na hauna uzi hata mmoja!

Mwili wetu hauwezi kuzimeng’enya. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiwa butireti. Hiyo butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ulioshiba hauvuji ovyo. Isitoshe, asidi hizo huzituliza seli za kinga, ambazo zimejaa tele utumboni, zisiushambulie mwili wenyewe.

Jirani zetu wa Kilimanjaro wametupa ushahidi. Mnamo 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliohusisha wanaume 77 wa huko. Waliozoea vyakula vya asili walipolishwa vya Kimagharibi kwa wiki mbili, dalili za uvimbe zilipanda katika damu yao, na seli za kinga zikawa goigoi mbele ya vijidudu. Sidai ni kazi ya nyuzinyuzi pekee, maana chakula cha asili kina mengi.

Na chai je, ile ya Nandi na Kericho? Jani bichi lina katekini. Likioksidishwa kiwandani liwe chai nyeusi, nyingi hugeuka theaflavini na thearubijini. Sehemu kubwa ya viambata hivi haifyonzwi. Huwafikia bakteria wale wale wa utumbo mpana, nao huvivunjavunja. Lakini pia hushikana na madini ya chuma ya mboga, kwa hivyo ukila osuga, ngoja kama saa moja ndipo unywe chai. Na usitegemee kikombe kikupe nyuzinyuzi, kwa sababu zimebaki kwenye chujio pamoja na majani. Hayo ndiyo ninayokubali yaitwe makapi.