Kongwa si Mmoja

Mvua za kwanza zinyeshapo, mkulima wa Mutuka, katika mji wa Babati, huanza kupigana na mmea utambaao ambao sisi wa pwani twauita kongwa. Huung'oa asubuhi na kuutupa kando ya shamba; baada ya siku chache huukuta umeota pale pale alipoutupa, kwani kila kifundo cha shina kigusacho udongo hutoa mizizi. Mwenyeji wa Unguja au Pemba asomapo habari hii atasema kwamba huyo ni jirani yake wa siku zote, amwonaye katika nyasi za mchangani, ua la buluu likichungulia.

Lakini je, ni huyo huyo? Neno kongwa limebeba mimea mingi. Wataalamu huiweka yote katika kundi la Commelina, jina alilolitoa Linnaeus wa Uswidi katika karne ya 18 kwa heshima ya akina Commelin wa Uholanzi. Inasemekana alifanya mzaha: petali mbili kubwa ni mabwana wawili waliosifika kwa elimu ya mimea, na ile ya tatu, ndogo isiyopendeza, ni ndugu yao aliyefariki kabla hajatenda jambo.

Commelina benghalensis ina ua la buluu. Commelina africana ina ua la manjano, nayo hubadilika mno: majani mapana huku, membamba kule, yenye manyoya au yasiyo nayo, hata wataalamu wakaigawa katika vikundi kadhaa. Commelina erecta ni ya buluu, pengine nyeupe. Kwa hiyo atazamaye rangi peke yake hupotea. Alama ya kuaminika zaidi ni lile jani dogo lililojikunja, ambamo maua hutokea. Likiwa limeshonana upande wa nyuma mithili ya kifuko, hiyo ni alama ya benghalensis au erecta. Likiwa wazi hadi chini kama kitabu kilichokunjwa, tazama africana. Katika ala za majani ya benghalensis mara nyingi huonekana vinyweleo vyekundu.

Taabu kubwa ni kwamba ua hili halidumu. Hufunguka asubuhi, na ifikapo adhuhuri limenyauka na kuwa ute. Ukilibana katika karatasi ili likauke, petali huyeyuka na rangi ikapotea. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952, kilikamilika mwaka 2012 kikiwa na aina zaidi ya 12,000. Na ukoo wa kongwa, ulioandikwa na Robert Faden wa Marekani, ulitoka mwaka huo huo wa mwisho.

Wako watakaosema kwamba majani ni majani. Hatukubaliani nao. Kongwa huliwa kama mboga na hulishwa mifugo, na benghalensis ni magugu sugu ambayo katika mashamba ya pamba ya Marekani yameshindana hata na dawa ya glaifoseti. Tena huzaa maua mengine chini ya udongo, meupe, yasiyofunguka, nayo hutoa mbegu. Mkulima akatapo shina la juu huwa ameacha ghala zima ardhini. Ripoti ya wilaya iandikayo "kongwa" tu haimwambii mtu ni adui gani aliyemo shambani.

Basi bwana shamba aendaye kuchukua sampuli na aende mapema, kabla jua halijawa kali. Auchimbe mmea pamoja na mizizi yake, afungue kile kifuko, aandike rangi ya kila petali papo hapo, na ua moja alitie katika kichupa cha spiriti. Hebaria ya Taifa iko Arusha, safari ya saa chache kutoka Babati. Kwa wenzetu wa visiwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hebaria yake, na boti ziko kila siku.