Maji ya Kisima: Usiyapime kwa Macho

Waislamu tumefundishwa kuyatambua maji ya kutawadhia kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Najisi ikiingia ikabadilisha mojawapo, maji hayo hayafai tena kwa tohara. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeifanya kanuni hiyo kuwa kipimo cha maji ya kunywa pia. Hapo pana hatari, hasa kwa familia zinazochota maji kwenye visima vilivyo karibu na mashamba.

Mkulima anapoweka urea au samadi shambani, mimea haiichukui yote. Sehemu inayobaki hugeuka kuwa naitreti, ikayeyuka na kushuka na mvua hadi kwenye maji ya ardhini. Choo cha shimo na zizi la ng'ombe navyo huongeza. Naitreti huwezi kuiona, kuionja wala kuinusa. Maji yanaweza kubaki tohara kwa udhu, na bado yakamdhuru mtoto mchanga.

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Mwilini mwa mtoto naitreti hugeuka naitraiti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya kopo.

Dalili zake ni midomo, ufizi na kucha kuwa na rangi ya bluu au kijivu, kupumua kwa shida na kulegea. Ukiziona, mkimbize mtoto hospitali.

Huenda mama ukasema, "Mimi nachemsha maji." Kuchemsha ni vizuri, kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Tena maji yakipungua kwa mvuke, naitreti huzidi kukolea. Dawa ya klorini na shabu navyo havisaidii.

Nini kifanyike?

1. Peleka maji ya kisima kwenye maabara ya maji. Waulize kwanza namna ya kuyachota na chupa ya kutumia, kisha yafikishe upesi yakiwa yamepozwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni naitreti isiyozidi miligramu 50 kwa lita.

2. Usipime mara moja ukatosheka. Pima mwisho wa kiangazi na tena wakati wa masika, kwani mvua hubadilisha hali ya maji. Andika majibu na tarehe katika daftari, uone kama kiwango kinapanda.

3. Kikizidi, tafuta maji mengine kwa ajili ya mtoto. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo.

4. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Usirundike samadi wala kuhifadhi mbolea karibu na kisima.

Nasaha hii inazihusu pia kamati za misikiti. Kisima cha waqfu ni sadaka inayoendelea, na aliyekichimbisha alikusudia kheri. Kukipima ni kuilinda amana yake, ili watu waendelee kunufaika bila kudhurika.

Wabillahi tawfiq.