Glavu Mbili za Mkono wa Kushoto

Nani anafuma glavu Unguja? Hilo ndilo swali aliloniuliza muuza nyuzi mmoja wa Mlandege, mwezi wa Januari, mchana wa jua kali, jasho likinitiririka ndani ya buibui. Mkononi nimeshika madonge mawili ya uzi wa sufu, moja la kijivu na moja la buluu iliyokoza.

"Sweta la mtoto, dada?"

"Hapana. Glavu."

Akalitazama jua nje, akanitazama mie, akacheka. "Glavu za nani, na joto lote hili?"

"Za mume wangu. Yuko London."

Pale pale kicheko kikakatika. Akanipunguzia bei bila ya mie kumwomba.

MANENO MANNE TU

Mpenzi msomaji, mume wangu yuko Uingereza mwaka wa pili sasa. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunaongea mpaka bando linakwisha. Ananionyesha dirisha lake, namwonyesha chakula cha usiku, tunagombana kidogo, tunapatana. Halafu, sijui lini khasa, simu zikaanza kuwa fupi. Ikafika wakati mazungumzo yetu yote ni maneno manne: "Nimetuma." "Nimepokea." "Haya." "Haya."

Kama na wewe mumeo yuko mbali, unajua kinachofuata. Kichwa kinaanza kufanya kazi usiku. Mashoga nao hawalali. "Shoga, mwanamme akishaona theluji husahau nyumbani," mmoja aliniambia tukiwa tumekaa barazani, tena kwa huruma, kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Siku moja, katikati ya hizo "haya" zetu, akaponyokwa na neno: "Huku mikono inakufa ganzi." Lilikuwa jambo la kwanza kuniambia kuhusu nafsi yake kwa wiki nyingi. Nikamwambia anunue glavu. Akasema anazo, ila kila mara inambidi azivue, kwani kazi yenyewe inataka ncha za vidole. Kubonyeza kimashine, kubandua karatasi za gundi. "Kazi gani hiyo?" nikauliza. "Kazi tu."

Nikaliacha hapo. Lakini usiku ule nikawa nafikiria glavu zisizo na vidole, zile zinazofunika kiganja na kifundo cha mkono, vidole vikabaki nje na kazi zao. Za dukani angeweza kununua mwenyewe. Mie nilitaka avae kitu kilichotoka mkononi mwangu.

SINDANO SI NGENI KWETU

Usidhani nilijifunza kufuma kwa ajili ya hili. Nyumba gani ya Unguja haina vitambaa vya kufuma? Juu ya makochi, juu ya televisheni, juu ya meza ya chai, mpaka juu ya friji. Bibi yangu alikuwa nayo kroshia moja ya chuma, imeng'aa kwa kushikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila kunawa mikono.

Kazi za sindano visiwani zina historia ndefu. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kwenda kuishi Ujerumani, aliandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886, na ndani yake anawaeleza wanawake wa majumba ya kifalme wakishona na kutarizi. Serikali ilipofungua skuli yake ya kwanza ya wasichana hapa Unguja mwaka 1927, ushonaji ulikuwamo katika masomo. Na kofia ya viua, ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua miezi kuisha. Wanawake wengi wamezishona ili wauze wapate kula, na wengine wameshona moja tu, ya mtu mmoja tu.

Mraba niliouchagua nao si mgeni duniani. Wazungu wanauita mraba wa bibi, kwa kuwa vikongwe walifuma miraba midogo midogo kwa mabaki ya nyuzi, kisha wakaiunganisha ikawa blanketi. Jarida moja la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, lilichapisha mraba wa namna hiyo mwaka 1885. Uzuri wake ni huu: unafuma kipande kimoja, unakiweka, unapika, unarudi. Haukulazimishi kukaa siku nzima.

MKONO WA MUME HAUULIZWI KWA MAMA

Uzi ninao, sindano ninayo, kipimo sina. Miaka sita ya ndoa, na sijui ukubwa wa kiganja cha mume wangu! Nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akinishika mkono tukivuka barabara ya Darajani. Kukumbuka nikakumbuka, lakini kumbukumbu haina sentimita.

Jumamosi nikapanda daladala mpaka Makunduchi kwa mama mkwe. Nilimkuta uani anasuka ukili, vidole vinakwenda wenyewe, macho yako kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo kuna nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanipa kipimo, kwani huyu ndiye aliyemkata kucha tangu mchanga. Akasuka kidogo, akasema: "Mie namjua mkono alipokuwa na miaka saba. Huo wa sasa ni wako. Muulize mwenyewe." Kisha, bila kuinua kichwa: "Na ukimuuliza, msikilize."

Usiku nikapiga. "Weka mkono juu ya karatasi uuchore, unitumie picha."

Akacheka. "Unataka kuniroga?"

"Ningetaka kukuroga ningeshakuroga zamani. Chora."

Picha ikaja. Karatasi ilikuwa imechorwa vizuri, lakini pembeni mkono wenyewe ulikuwa umeingia katika picha. Dole gumba lina plasta. Kidole cha shahada kina plasta. Ngozi juu ya vifundo imepasukapasuka.

Nikampigia tena. "Hii mikono ya mtu wa ofisini?"

Kimya. Halafu, polepole, akasema. Ile kazi ya ofisi ilikwisha. Ni mwezi wa tano sasa yuko kwenye ghala la mizigo, zamu ya usiku, milango iko wazi muda wote kwa ajili ya malori. "Niliona haya," akasema. "Kila mtu huko anajua niko ofisini. Nikiongea sana ningejikwaa, ndiyo maana nikawa sisemi."

Nitakuwa mkweli. Sikumwonea huruma kwanza. Nilikasirika. Miezi mitano mie nahesabu wanawake wasiokuwepo, kumbe yeye anahesabu maboksi! Nikakata simu. Sikulala, na kwa kuwa sikulala, nikachukua sindano. Alfajiri inaadhiniwa, mraba wa kwanza uko mapajani.

Kulipokucha nikamwandikia: "Umenificha, na nimeumia. Tutaliongea. Lakini nipime duara ya kiganja, sijamaliza kazi yangu." Alijipima kwa waya wa chaja ya simu, akaulaza kwenye rula: sentimita 22.

UNAVYOFUMA

Mahitaji: uzi wa sufu wa unene wa kati, gramu 100 zinatosha jozi moja na kubaki. Kroshia ya milimita 4. Sindano butu ya kuunganishia. Uzi wa pamba wa vitambaa haufai hapa. Pamba ikilowa inakaa na baridi, sufu hata ikipata unyevu hushika joto.

Kipimo: kutoka kwenye duara ya kiganja punguza sentimita 2, kwani kazi ya kroshia hunyumbuka. Kwa 22 nilipata 20, yaani miraba miwili ya sentimita 10 kwa kila mkono, mmoja wa mgongoni na mmoja wa kiganjani.

Maneno mawili kwanza. "Nguzo" naita mshono mrefu: unazungusha uzi mara moja juu ya sindano, unaingiza, unavuta, kisha unapitisha uzi kwenye vitanzi viwili viwili mpaka kibaki kimoja. "Bisi" ni kile kifundo kinachotokeza, mfano wa bisi ya mahindi: fuma nguzo 5 ndani ya tundu moja, chomoa sindano, iingize juu ya nguzo ya kwanza, kidake kile kitanzi ulichokiacha, ukipitishe. Nguzo zinajikunja zinakuwa kifundo kinene.

Mraba wa kiganjani (bapa): fuma vitanzi 4, viunge viwe pete. Mzunguko wa 1: ndani ya pete, nguzo 3 na vitanzi 2, mara nne. Nguzo ya kwanza ya kila mzunguko ni vitanzi 3. Mzunguko wa 2: katika kila pembe weka nguzo 3, vitanzi 2, nguzo 3, kati ya pembe na pembe kitanzi 1. Mzunguko wa 3 na wa 4 ni hivyohivyo, na kila nafasi ya ubavuni unaijaza kwa nguzo 3. Ukimaliza wa 4, pima. Ukikosa sentimita 10, badilisha sindano, usilazimishe kwa kuvuta.

Mraba wa mgongoni (wa matuta): mzunguko wa 1 usiwe wa nguzo, uwe wa bisi 4 zilizotenganishwa kwa vitanzi 3. Wa 2 kama kawaida. Wa 3, kila nafasi ya ubavuni weka bisi 1 badala ya nguzo 3, na kitanzi 1 kila upande wake. Wa 4 kawaida. Jumla bisi 8. Zinapendeza, tena zinaongeza unene juu ya vifundo vya vidole pale baridi inapouma. Kiganjani usiziweke, zitamsumbua akishika kitu.

Kuunganisha: laza miraba miwili, shona ubavu mmoja wote. Ubavu wa pili shona sentimita 2.5 kutoka juu, acha wazi 4.5 za dole gumba, shona 3 za chini.

Mkono wa chini: zunguka ukingo kwa nguzo, hesabu yake igawike kwa mbili. Kisha mizunguko 6, nguzo moja ukipitisha sindano mbele ya shina la nguzo ya chini yake, inayofuata nyuma ya shina. Hapo panapatikana mistari inayobana kifundo, upepo usiingie.

Kufua: maji ya baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota. Anika kwa kulaza.

IKAJA AIBU

Kila nikifuma nilikuwa najijaribishia. Mkono wa kulia umeshika sindano, basi glavu naivalisha wa kushoto. Ya kwanza ikakaa vizuri, mashaallah. Ya pili ikakaa vizuri vilevile. Nikazifunga, nikampa mtu wa kwetu anayesafiri, nikamwombea safari njema.

Baada ya siku nne simu ya picha ikaita. Mume wangu amevaa glavu moja. Nyingine kaishika juu kama mtu anayenadi samaki.

"Bibi, mie nina mikono mingapi ya kushoto?"

Hebu fikiria. Matuta yanakaa mgongoni, kwa hiyo tundu la dole gumba lazima lihame upande kwa mkono wa pili. Mie nilizifuma zote sawasawa! Ya kulia akiivaa, bisi zinaingia kiganjani. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mie nikaanza, tukacheka sote wawili kama wendawazimu. Sikukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko kile.

Basi msomaji, usinifuate kwa hili: kabla ya kushona ubavu wa pili, laza glavu zote mbili mezani, matuta juu, mikono ya chini ikiwa upande wako. Matundu ya dole gumba yatazamane. Yakitazama upande mmoja, fumua.

Niliifuma ya kulia wiki ileile. Wakati naifuma tuliweka simu mezani, yeye anajitayarisha kwenda zamu, mie nahesabu nguzo. Hapo ndipo tulipoliongea lile jambo. Halikwisha siku moja. Nilimwambia kilichoniuma si ghala, ni kuachwa nje ya mlango. Akaniambia alivyokuwa akirudi alfajiri na kukaa na koti kitandani. Kuna usiku tuligombana, nikakosa hesabu ya nguzo, nikafumua mzunguko mzima.

Bado hajarudi, na baridi ya huko haijapungua kwa ajili yetu. Wakati Unguja joto la Januari linafika nyuzi 32, London huzungukia nyuzi 5. Lakini siku hizi akipiga simu huanza na habari za zamu yake, nani kaanguka na boksi, nani kaleta chai. Ya "nimetuma" huja mwishoni, tena pengine husahau.

Kama una mtu wako mbali na unataka kumpelekea zawadi, usikisie kipimo. Muulize. Mwambie achore mkono, au mguu, au ajipime kichwa kama ni kofia unamshonea. Halafu ufanye kama alivyoniambia mama mkwe: akianza kusema, msikilize.

Ile glavu ya tatu, ya kushoto isiyokuwa na mwenzake, alinirudishia kwa msafiri mwingine. Imekaa juu ya televisheni, juu ya kitambaa cha bibi. Wageni wanauliza ni pambo gani hilo. Nawaambia ni glavu, na wanacheka, kama alivyocheka yule wa Mlandege.