Mahali Ramani Nne Hukutania

Ukishika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat, muda si mrefu unafika Mogotio, penye alama ya ikweta ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Karibu na hapo hupita mstari mwingine usio na alama wala muuza vinyago: longitudo ya nyuzi 36 Mashariki. Mistari hiyo miwili ndiyo inayoigawa Kenya katika vipande vinne vya gridi ya UTM, ile ambayo wahandisi na wapimaji huitumia kutaja mahali kwa mita. Vipande vyote vinne hukutana viungani mwa Mogotio. Kwa mtalii hilo si kitu, lakini kwa mwenye droni aliyepewa kazi Nakuru, linaweza kula faida yote ya mwezi.

Upimaji kwa droni ni biashara changa katika Bonde la Ufa la kati. Bunge lilizifuta mwaka 2018 kanuni za kwanza zilizotungwa mwaka 2017, na ni kanuni za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), zilizowawezesha watu kuomba vyeti na kufanya kazi bila kujificha. Na kazi ipo. Kuna visima vya mvuke vya Menengai na Olkaria, mashamba ya maua ya Naivasha, mabwawa, na ploti zisizohesabika. Juu ya yote kuna barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, ambayo mwaka 2020 ilikabidhiwa kundi la kampuni za Ufaransa likiongozwa na Vinci, mkataba ukavunjwa, na mwishoni mwa mwaka 2025 ikazinduliwa upya mikononi mwa Wachina pamoja na hazina ya pensheni ya NSSF.

Wengi hudhani pesa ya kazi hii iko hewani. Siku hizi kurusha ndiyo sehemu nyepesi, maana droni hujirusha na kujirudisha, na kamera hupiga kwa wakati wake. Ugumu ni kuiambia ipite wapi, na jibu la swali hilo limo katika mchoro wa mhandisi. Mpimaji huchukua faili ya AutoCAD, akaipunguza maandishi na mapambo hadi ibaki mistari ya maana, yaani katikati ya barabara, mpaka wa hifadhi yake, kuta za bwawa na kona za shamba. Kisha huigeuza kuwa KML, aina ya faili ya ramani, na kuitandika juu ya picha ya setilaiti, kwenye Google Earth au kwenye rimoti yenyewe.

Hesabu yake inaeleweka hata na asiyejua kompyuta. Chukua barabara ya kilomita 10 yenye kupindapinda. Asiye na mchoro huchora mstatili unaozimeza kona zote, tuseme kilomita 10 kwa 3, nazo ni hekta 3,000. Mwenye mchoro hufuata mstari kwa upana wa mita 200, hekta 200 basi. Betri ya droni ya kawaida ya upimaji hudumu nusu saa hivi, na upepo wa bonde huanza kusumbua mchana. Kwa hiyo mmoja anamaliza kwa siku mbili, mwenzake bado anatafuta mahali pa kuchaji betri juma linalofuata.

Faida hiyo hupatikana tu ikiwa mchoro umetandikwa mahali pake, na Nakuru ni mahali pabaya pa kubahatisha. Soko la Wakulima la mjini liko mashariki mwa longitudo ya 36, katika kipande cha UTM kiitwacho ukanda wa 37. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kiko magharibi mwake, ukanda wa 36. Barabara kuu ya kwenda Mau Summit huvuka kutoka ukanda mmoja hadi mwingine kabla ya kufika Salgaa, na hapo koodineti ya mashariki huruka kutoka mita 166,000 hivi hadi 834,000 hivi. Michoro inayotoka Nairobi huja imeandikwa 37 kwa mazoea, inayotoka Kisumu huja 36, na Nakuru imeketi katikati kama mtoto wa wazazi walioachana.

Kosa la ukanda, hata hivyo, si la kuogopwa sana. Ukiusoma mchoro wa mji wa Nakuru kwa ukanda wa 36 badala ya 37, utaukuta umetua magharibi mwa Uganda, upande wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Utacheka, utarekebisha, utaendelea.

La kuogopwa ni lile dogo. Ramani za serikali na michoro mingi ya zamani hufuata msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya droni na faili za KML hufuata WGS 84. Mchoro wa Arc 1960 ukisomwa kana kwamba ni WGS 84, katika eneo hili husogea takriban mita 300 kaskazini na karibu 90 magharibi. Katikati ya mji utaligundua mara moja, kwa sababu barabara itapita juu ya paa la kanisa. Lakini katika mashamba makubwa ya walowezi yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi kama NDEFFO na kugawanywa vipandevipande, mahindi ya hapa ni kama mahindi ya pale. Ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ina urefu wa mita 30. Mita 300 ni ploti kumi. Droni itapaa vizuri, picha zitatoka safi, na zitakuwa picha za shamba la watu wengine.

Chini ya hilo kuna kosa jingine dogo zaidi, ambalo hata wenye shahada hulisahau. UTM hunyoosha umbali kadiri unavyosogea mbali na mstari wa kati wa ukanda, na Nakuru iko ukingoni kabisa. Mwinuko wake wa mita 1,850 hivi hupunguza sehemu ya athari hiyo bila kuimaliza. Kilomita moja iliyopimwa ardhini kwa utepe husomeka kwenye gridi ikiwa imezidi kwa karibu sentimita 70. Kwa ploti moja hakuna atakayejali. Kwa barabara ya kilomita 10 ni mita 7, upana mzima wa lami ya magari mawili kupishana. Mhandisi aliyechora kwa vipimo vya ardhini na mpimaji anayetandika kwa gridi watalaumiana, na wote wawili watakuwa wamehesabu sawasawa.

Tena mchoro hausemi lolote kuhusu mwinuko wa ardhi iliyo chini yake, na hapa ardhi haijatulia. Kanuni zinaruhusu kimo cha futi 400 juu ya ardhi, mita 120 hivi. Sasa simama kwenye ukingo wa kasoko ya Menengai, uiagize droni iruke mita 100 juu ya ulipo. Ikifika juu ya sakafu ya kasoko, yenye kina cha karibu mita 485, itakuwa mita 585 kutoka ardhini. Sheria umeivunja, na kamera ambayo ingeonyesha nukta ya sentimita 2.7 sasa inaonyesha ya sentimita 16. Ndiyo maana wenye uzoefu huweka data ya miinuko pamoja na mchoro, droni ipande na kushuka na mteremko.

Tabaka jingine ni la mahali pasipopitwa: kambi za jeshi za Lanet na Gilgil, na Hifadhi ya Ziwa Nakuru ambako droni hairuki bila idhini ya Shirika la Wanyamapori (KWS). Mpaka wa hifadhi uko wazi kwenye karatasi, lakini ziwa lenyewe limegoma kukaa ndani ya mchoro. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 limetanuka kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani na nyumba za watu upande wa Mwariki. Tandika leo mchoro wa miaka 15 iliyopita kwenye ufuo ule, utaona mitaro na njia zilizochorwa vizuri kabisa, zote majini.

Swali linalobaki ni la ankara. Kazi hizi hulipwa kwa ekari au kwa kilomita, na saa za kuuchunguza mchoro hazina ekari. Anayezitumia humwuliza mteja kama mchoro ni wa Arc 1960 au WGS 84, akadai koodineti za bikoni (alama za upimaji ardhini) mbili zilizo mbali, akaenda kuzipima mwenyewe asubuhi na kuzipaka chokaa zionekane kutoka juu. Akiziandika saa hizo kama gharama ya pekee, mteja atauliza ni za nini, kwa kuwa jirani yake hakutozwa. Ningekuwa mimi mwenye droni, ningeziandika hivyo hivyo, na chini yake ningeongeza sentensi moja: droni ikirushwa tena kwa sababu ya koodineti za mteja, mteja ndiye mlipaji.