Eedo na Hesabu ya Miaka 45

Kule Liboi msimulizi hupaza sauti, "Sheeko sheeko!" na watoto huitikia, "Sheeko xariir!" Basi itikieni huko mliko, maana hadithi ya leo haina fisi wala sungura. Ina mwanamke wa miaka 38, mbuzi wachache, cheti kilichofungiwa kabatini, na swali moja: mtu mzima mwenye nyumba na watoto arudi kusoma, au aachane na jambo hilo?

Mwanamke huyo nimemtunga mimi. Nitamwita Eedo, kama watoto wa Kisomali wanavyomwita dada wa baba. Wa aina yake ni wengi, nami sikutaka kumwanika mmoja wao. Lakini mji si wa kutunga.

Liboi iko mwisho wa barabara ya A3, ile inayotoka Thika, ikavuka mto Tana mjini Garissa, ikapita Dadaab, ikaenda kukoma mpakani. Garissa mjini hadi Dadaab ni kama kilomita 100, na kutoka Dadaab hadi Liboi ni kama 80 nyingine. Ukiendelea kidogo umeingia Somalia, mji wa kwanza ni Dhobley. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walivuka hapa kwa maelfu, na kwa muda Liboi yenyewe ilikuwa na kambi ya wakimbizi kabla ya watu kuhamishiwa Dadaab. Mwaka huo huo ndipo serikali ya Kenya ilipoondoa sheria ya hali ya hatari iliyowabana watu wa Kaskazini Mashariki tangu mwisho wa 1963. Watoto wa sehemu nyingine za nchi walikuwa wakijengewa shule miaka yote hiyo. Huku kilichojengwa zaidi kilikuwa vizuizi vya barabarani.

Nawaambia haya ili msikimbilie kusema Eedo "aliacha shule". Eedo hakuacha. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2006, mwaka ulioanza kwa ukame ukaisha kwa mafuriko. Ng'ombe wa baba yake walikufa kwanza, mvua zikaja baadaye na kusomba kilichobaki. Karo ya muhula wa mwisho haikulipwa. Alifanya mtihani, akapata C, na shule ikakaa na cheti chake. Januari iliyofuata mpaka ukafungwa rasmi, biashara ikadorora, Eedo akaolewa, akafungua kibanda cha chai na maziwa ya ngamia. Cheti kikabaki kule kabatini.

Mambo yalibadilika mwaka 2020. Mwezi wa Januari walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi. Siwezi kuwalaumu waliohama; kila mmoja ana mama yake. Lakini siku ya pili yake watoto waliamka, wakavaa sare, wakakuta madarasa hayana mtu. Bodi za shule zikawatafuta wenyeji waliofika kidato cha nne. Eedo akaitwa. Akaacha kibanda kwa bintiye mkubwa, akashika chaki.

Amefundisha darasa la nne tangu hapo. Analipwa na bodi ya shule, pesa kidogo, tena mwezi mwingine hazifiki. Wanafunzi wanamwita macalin kama walimu wengine. Lakini yeye anajua anachokosa. Anajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Hajui amfanye nini mtoto asiyeelewa hata baada ya kuelezwa mara ya tano. Hilo halikuwamo katika mtihani wa 2006. Ndiyo maana anataka chuo cha ualimu.

Watu wakisikia hivyo humletea habari za mzee Maruge. Labda nanyi mmeshasimuliwa. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi. Alivaa soksi ndefu na kaptula kama wenzake. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa, akafariki mwaka 2009. Ni hadithi tamu, nami huisimulia kwa furaha. Ila haimsaidii Eedo hata kidogo. Maruge hakuwa na mtoto wa kunyonyesha wala hakuwa akitafuta ajira. Alitaka kusoma, akasoma, basi. Eedo ana watu sita wanaokula kutoka sufuria moja.

Na kuhusu aibu ya kukaa na vijana, jamani, twende msikitini kwanza. Baada ya sala ya magharibi sheikh huketi, darsa huanza, na mzee mwenye ndevu nyeupe hukaa bega kwa bega na kijana wa miaka kumi na sita, wote wamefungua kitabu kimoja. Hakuna anayecheka. Kijana akijua zaidi, mzee humuuliza. Liboi imezoea watu wazima kusoma tangu kabla ya kuwapo shule ya serikali. Mawazo kwamba elimu ina umri wake yamekuja na sare na kengele, na mimi nayaona mageni pale.

Hata hivyo kuna umri unaohesabiwa kweli, na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya hesabu. Stashahada ya ualimu wa shule za msingi huchukua miaka mitatu, na mwenye alama ya C katika KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, anaweza kuomba. Eedo anayo. Akiingia na miaka 38, atatoka na 41. Matangazo ya ajira ya TSC huweka kikomo: mwombaji asizidi miaka 45. Mwalimu aliyeajiriwa hustaafu akiwa na 60. Kwa hiyo Eedo atakuwa na kama miaka minne ya kusubiri kwenye foleni ya ajira, na foleni hiyo ni ndefu. Wako walimu wenye vyeti wanaosubiri muda mrefu kuliko huo. Akiajiriwa mapema atafundisha kama miaka 18. Akichelewa kuanza, kila mwaka anaoahirisha unapunguza ile minne.

Je, hakuna njia ya kusoma bila kuondoka? Ipo iliyowahi kujaribiwa karibu sana na hapo, na kwangu mimi ndiyo ya kusimuliwa kuliko ya Maruge. Katika kambi za Dadaab walimu wengi walikuwa kama Eedo: wamemaliza sekondari, wakapewa darasa, bila mafunzo. Mwaka 2013 vyuo vikuu vinne, Kenyatta na Moi vya Kenya pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilianza mpango uitwao BHER wa kuwasomesha hapo hapo. Walisoma kwenye kituo cha Dadaab shule zilipofunga, na miezi mingine wakasoma kwa intaneti huku wakiendelea kufundisha. Wakimbizi waliingia, na wenyeji pia. Wako waliotoka na cheti, wengine stashahada, wengine digrii. Jioni walikuwa wakisahihisha madaftari ya watoto, usiku wakiandika kazi zao wenyewe. Wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume, na mkitaka kujua sababu, angalieni nyumbani kwenu nani anateka maji.

Basi tukio kubwa la hadithi hii ni kikao. Eedo hakuamua peke yake, kwa sababu mzigo wake hauchukuliwi na mtu mmoja. Walikaa jioni kuzungumzia safari yake ya chuo cha ualimu Garissa: mumewe, adeer yake ambaye ni mdogo wa marehemu baba yake, bintiye mkubwa na jirani mmoja mwenye maneno mengi.

Jirani alianza. "Garissa? Umesahau chuo kikuu?"

Hakuna aliyesahau. Tarehe 2 Aprili 2015 wanamgambo waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Nikisimulia hapa kwa kawaida hunyamaza kidogo. Kisha husema kwamba wako wanafunzi waliorudi pale pale kuendelea na masomo, na sidhani kuna mtu anayeweza kumfundisha Eedo maana ya kurudi kuliko hao.

"Sijasahau, walaal," Eedo alijibu. "Na Liboi nayo si salama kuliko Garissa."

Adeer aliuliza la pesa. Kwa nini asiende chuo kikuu moja kwa moja, achukue mkopo wa serikali? Eedo akamweleza kwa heshima kwamba digrii inataka C+, na mkopo huo wa serikali, wa HELB, una riba ya asilimia 4. Mzee aliposikia neno riba alitikisa kichwa, na habari ya mkopo ikaishia hapo. Wataomba basari ya mfuko wa jimbo, CDF, na ya kaunti, alisema mume, na kilichopungua kitatoka kwa mbuzi. Lakini wauzwe Desemba, mvua za deyr zikiwa zimewanenepesha. Ukisubiri kiangazi cha jilaal kikaze, mbuzi aliyekonda hana bei.

Jirani akasema kuna mtu Nairobi anayetengeneza vyeti kwa wiki mbili. Adeer alimtazama mpaka akajifanya anatafuta viatu vyake.

Binti ndiye aliyeuliza swali gumu. "Hooyo, ukienda miaka mitatu, darasa la nne watafundishwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu jepesi. Chuo kinataka akae bwenini. Mwalimu akienda kujifunza, watoto wake hubaki bila mwalimu. Watu wanaozungumza juu ya elimu ya watu wazima mara nyingi huruka hapo. Eedo alikiri kwamba kutokwenda nako kuna haki yake. Mtu anaweza kubaki, akafundisha vizuri kadiri ajuavyo, na asidharauliwe. Alilala na swali hilo siku kadhaa. Kisha akasema, "Nikibaki, watapata mwalimu huyu huyu asiyejua miaka yote. Nikienda, watateseka mitatu."

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwenda Garissa, kwenye shule yake ya zamani, kudai cheti. Alikuwa na pesa za nusu ya deni la 2006, na mfukoni karatasi aliyonakili kwa mkono kutoka sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012, inayosema cheti cha mtahiniwa kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Karani aliisoma karatasi, akamsoma Eedo, akaenda kufungua kabati. Zile pesa akarudi nazo nyumbani.

Na darasa la nne? Bodi ilimwita msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Eedo alikaa naye muhula mzima nyuma ya darasa kabla ya kuondoka, akimwonyesha nani hujificha akiulizwa swali, nani huja bila kula, na daftari lipi lisahihishwe kwanza.