Malisho Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Wafugaji wa Kitui na Makueni husikia siku hizi habari za nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa malisho ya asili, pasipo mbolea za viwandani wala dawa za kunenepesha. Mazao ya namna hiyo katika Afrika Mashariki yana alama yake, Kilimohai, iliyoanza mwaka 2007. Wengine hudhani ya kuwa kazi ni kuacha dawa tu. Sivyo. Kazi yenyewe huanza ardhini.

Zamani Wakamba walikuwa na weu, yaani mbuga ya malisho ya watu wote. Ng'ombe walipelekwa huko, na majani ya karibu na nyumbani yakapata kupumzika. Wakati wa ukoloni sehemu za mbuga hizo zilitwaliwa, watu nao wakaongezeka, na pumziko likakoma. Serikali ya wakati ule ilitazama idadi ya ng'ombe peke yake. Mwaka 1938 iliwatwaa kwa nguvu wilayani Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini utwaaji ule uliachwa.

Jambo lililosahauliwa ni hili: jani hulisha mzizi. Likiliwa kila siku, mzizi hufupika na kufa. Ardhi ikibaki wazi hufanya gamba gumu, na mvua ikinyesha maji hukimbilia mtoni pamoja na udongo. Hata ng'ombe wachache wataliharibu shamba wakiachwa mahali pamoja mwaka mzima.

Kwa hiyo yampasa mfugaji kugawanya malisho yake, ng'ombe wale sehemu moja na nyingine zipumzike mpaka majani yatoe mbegu. Palipokwisha kuwa uwanda mtupu, gamba huvunjwa kwa plau ya ng'ombe, kwa mifereji inayokingama na mteremko, kisha hupandwa mbegu za majani ya kwao, kama mbeetwa na nguu, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi. Majani machanga yasiguswe mpaka yashike mizizi. Boma la kuhamishwa likilazwa juu ya uwanda kwa siku kadhaa, kwato huvunja gamba na samadi hubaki pale pale. Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja, lakini Wakamba wana mwethya, ushirika wao wa kusaidiana tangu kale.

Tena mtu asiache josho kwa pupa. Kupe huleta ndigana kali, ambayo huua ng'ombe upesi. Kanuni za mazao asilia hukubali chanjo, wala hazimnyimi mnyama mgonjwa dawa. Ila nyama yake haiuzwi kwa jina hilo mpaka muda uliowekwa upite. Mabadiliko na yafanywe kwa shauri la daktari wa mifugo.

Ukame ukija, mwenye ng'ombe wengi waliokonda huuza kwa bei ya hasara, au hupoteza kabisa. Mnunuzi hutazama nyama, hahesabu pembe. Mwenye malisho yaliyopumzishwa ana akiba, naye aweza kuchagua siku ya kuuza. Na aanze basi na sehemu moja ndogo, aizungushie miiba kabla ya mvua, aone mwenyewe.