Mama, Jifunze Kuendesha Mchangani Kabla ya Siku ya Shida

Wako waume wengi wanaopenda kwenda kuvua samaki siku za mapumziko. Sisi wake tunapakia sufuria, mkaa na nguo za watoto, kisha tunakaa kiti cha nyuma. Gari likiingia mchangani tunasema hilo ni jambo la baba. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, hadi siku moja ya mwezi wa Oktoba katika pwani ya Kibiti, jirani na delta ya Rufiji. Siku ile tulitambua kwamba shida ikifika haiulizi nani amezoea kushika usukani.

Yaliyotupata

Tulikuwa familia mbili za usharika mmoja, na gari moja lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa barabara kuu ya kwenda Lindi, tukapita Mkuranga na Jaribu Mpakani, na tulipofika Bungu tukaiacha lami na kushika njia ya mchanga inayoshuka baharini. Baba aliyekuwa dereva alilishusha gari hadi ufukweni, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, akaliegesha hapo. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, kwa maana ilikuwa siku ya bamvua.

Ilipofika kama saa nne asubuhi tulisikia yowe. Dereva wetu alikuwa amekanyaga taa katika maji ya magotini. Mwiba wa samaki huyo ulimchoma karibu na kifundo cha mguu, na kipande kikabaki ndani ya nyama. Maumivu ya mwiba wa taa ni makali mno. Mtu mzima hulia kama mtoto.

Kazi yetu ni uuguzi, hivyo hapo hatukubabaika. Tulibana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikapungua. Tukachemsha maji, tukayapoza kwa maji ya baridi hadi mkono wetu ukaweza kuyavumilia, kisha tukautumbukiza mguu ndani ya karai. Joto hupunguza maumivu ya sumu ya taa. Mguu hukaa humo kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maji huongezwa moto yanapopoa. Ni lazima mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu anaweza kuungua asijue. Kipande kilichozama hatukukichokoa. Hicho ni cha kutolewa hospitali, pamoja na sindano ya kinga ya pepopunda.

Baada ya saa moja mgonjwa alitulia. Ndipo tukatazamana. Nani ataendesha? Mume wa pili hajui gari. Mke wa mgonjwa alikuwa na leseni miaka sita, lakini hakuwahi kuendesha nje ya lami. Na maji yalikuwa yameanza kurudi.

Mwenzetu alishika usukani mikono ikimtetemeka. Kutoka kwenye mchanga mgumu alikwenda vizuri. Alipofika juu, kwenye mchanga mkavu, gari likapunguza mwendo, naye akakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Magurudumu yakazunguka pale pale, yakachimba, na gari likalala tumbo mchangani. Watoto wakaanza kulia. Nyuma yetu bahari ilikuwa inapanda.

Mungu hakutuacha. Akina mama wa kijiji waliokuwa wakitafuta chaza walitusikia, wakaja na makuti na jembe. Tulimwamkia mzee wao, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba, akamshika mwenzetu bega na kumwambia, "Mwanangu, mchanga haupigwi. Mchanga hubembelezwa."

Tulichimba mbele ya kila gurudumu, tukatoa mchanga chini ya tumbo la gari, tukapunguza upepo wa matairi na kutandika makuti. Wote tukashuka isipokuwa mgonjwa na dereva. Safari hii aliondoka taratibu, na gari likatoka. Tulipogeuka nyuma, maji yalikuwa hatua kama 20 tu kutoka kwenye mashimo yetu. Tulifika kituo cha afya kabla ya alasiri, na mguu ule ulipona.

Kosa lilikuwa wapi?

Jioni ile tulidhani baba angemlaumu mkewe. Badala yake alisema, "Mama watoto, kosa si lako. Miaka yote hii sikuwahi kukupa usukani huku." Mkewe naye akajibu kwa kweli, "Wala mimi sikuwahi kuuomba." Akina mama wenzetu, wengi wetu tupo hapo. Tunawajua watoto kwa homa zao, tunajua bei ya kila kitu sokoni, lakini gari linaloibeba familia nzima hatulijui.

Mwezi uliofuata tulirudi, safari hii ili kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Upepo wa matairi ndio siri ya kwanza. Tairi lenye upepo mwingi ni gumu na jembamba, hukata mchanga kama kisu. Likipunguzwa hutanuka na kuukanyaga mchanga kama unyayo wa ngamia. Kwa gari la kawaida la aina hii lenye upepo wa 30 au zaidi kwenye lami, shusha hadi kama 18 au 20 kabla hujaingia mchangani. Anayejifunza asishuke chini ya 15, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu anapokata kona. Nunua kipima upepo. Ni kidogo na hukaa mfukoni. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo tena kwa fundi wa pancha kabla ya kukimbia. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi kwenye lami hupata moto na kupasuka.

Pili, yajue magurudumu yako. Magari mengi ya aina hii yana kikono kifupi kando ya gia. H huvuta kwa mwendo wa kawaida, na L ni ya nguvu na mwendo wa polepole. Magari mengine ya zamani yana swichi za kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele. Usipozifunga, magurudumu hayo hayavuti. Weka mapema, kabla hujakwama.

Tatu, mwendo. Ondoka taratibu, kisha shika mwendo mmoja usiobadilika. Usikate kona kali. Unapotaka kusimama achia mafuta, gari lisimame lenyewe. Ukifunga breki ghafla mchanga hujikusanya mbele ya matairi. Simama mahali penye mteremko, ili kuondoka kuwe rahisi. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha mafuta mara moja. Rudi nyuma kwa kufuata alama zako mwenyewe, ujaribu tena.

Nne, vifaa. Beba koleo, kamba imara ya kuvutia, jeki na ubao mpana wa kuiweka juu yake, kwani bila ubao jeki huzama. Beba pia maji ya kunywa ya kutosha watu wote kwa siku nzima, na sanduku la huduma ya kwanza. Gari likikwama, watoto wakae kivulini, mbali na gari na kamba. Kamba ikikatika inaweza kuua.

Bahari na mikoko

Kwenye bamvua, pwani yetu huwa na maji makavu kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Waulize wavuvi wa hapo kabla ya kushuka. Usiegeshe gari chini ya mstari wa takataka unaoachwa na maji kujaa ukaenda kuvua. Hilo lilikuwa kosa letu kubwa.

Tena, usidanganyike kwamba delta yote ni mchanga. Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na chini ya mikoko ni tope. Juu huonekana limekauka, ndani halina mwisho. Huko husafiriwa kwa mtumbwi na boti. Usiendeshe pia kwenye mchanga laini ulio juu ya mstari wa maji isipokuwa kwenye njia iliyopo, kwani kasa hufukia mayai yao humo. Baada ya mvua kubwa uliza kwanza hali ya njia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitukumbusha sote jinsi Rufiji na Kibiti zinavyobadilika kwa siku chache.

Na wavuvi wenyewe? Wafundishe kuburuza miguu majini badala ya kunyanyua na kukanyaga. Taa akiguswa ubavuni hukimbia. Akikanyagwa mgongoni huchoma.

Neno la mwisho

Bwana Yesu alitufundisha katika Mathayo 7 kwamba mwenye busara hajengi nyumba yake juu ya mchanga. Lakini kuna siku tunalazimika kuupita. Siku hiyo nguvu na hofu hazisaidii, huzidi kutuzamisha. Tunasaidiwa na yale tuliyojifunza kwa utulivu siku za amani.

Kwa hiyo mama, usingoje yowe. Safari ijayo mwombe mumeo akupe usukani nusu saa tu, maji yakiwa mbali na watoto wakiwa wamecheza na kushiba. Nawe baba, ukilisoma gazeti hili la mama, mpe ufunguo.